Kiti cha Pweza Nyumbani kwa Mzee Velji

Hansa aliponipigia simu kuniambia baba yake, Mzee Velji, amefariki, sikulia. Nilisema inna lillahi kwa sauti ya chini, nikamwuliza maombi ni lini, nikaenda. Ile nyumba ya Milimani, mjini Nakuru, sikuwa nimeikanyaga kwa miaka mingi, lakini miguu ilikumbuka pa kuvulia viatu barazani na penye kigae kilichopasuka pa kuruka. Ndani walikuwa wametandika mashuka meupe sakafuni, wanawake wameketi kimya, na harufu ilikuwa ileile ya ubani na samli. Nilitafuta pa kukaa karibu na mlango wa chumba cha mashariki, maana hicho ndicho chumba nilichokuwa nikifanyia kazi. Tangi la kioo halikuwapo tena. Pale liliposimama, sakafu imebaki na rangi nzuri kuliko kwingine. Nilikuwa nikiitazama alama hiyo mtu aliponishika bega na kuninong'oneza, "Zuhura wa Ba! Kumbe uko hai wewe." Nikageuka nikamwona Mama Otis, aliyekuwa akifua nguo pale zamani, mnene sasa na mwenye mvi, amekuja na basi kutoka Kisumu. Alikaa chini kwa taabu, akanishika mkono, na hatukuachana mpaka maombi yalipokwisha. Wakati wenyewe wanasoma kwa lugha yao, mimi nilikuwa nimesharudi mwaka ule.

Niliingia nyumba ile katikati ya mwaka 2007, nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kujifunza kazi ya kuwatunza wagonjwa na nikijiona najua kila kitu. Mgonjwa wangu alikuwa Ba. Ndivyo wote walivyomwita mke wa Mzee Velji, nami nikamwita hivyohivyo. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na maneno yote. Alibaki na mkono wa kushoto na macho, na macho yale yalikuwa yakisema kuliko midomo ya wengi wetu. Ba alizaliwa Lamu, akaolewa Nakuru akiwa binti mdogo, na mumewe alikuwa akisema kwamba miaka yote ile hakuwahi kulalamika ila jambo moja tu: hapa ziwa lina ndege, lakini halina bahari. Alipopooza, Mzee aliagiza tangi refu kama jeneza la mtu mzima, akaliweka mbele ya kitanda, akalijaza maji ya chumvi na mchanga mweupe wa pwani. Akaweka mawe na samaki wawili wa rangi ya samawati wanaokula majani tu. Ndugu zake walinuna. Watu wa imani ya Kijaini hawafungi viumbe, walimwambia. Yeye alijibu kwamba mkewe naye ni kiumbe, naye amefungwa.

Niseme hapa kidogo juu ya imani ile, kwa sababu bila hiyo hakuna ninachoweza kueleza. Nyama haikuingia pale, wala samaki, wala yai. Hata kitunguu na kiazi havikuingia, kwa kuwa ukiving'oa unaua vilivyomo udongoni. Kwenye bomba la jikoni palifungwa kitambaa cheupe cha kuchuja maji ya kunywa ili mtu asimeze vidudu asivyoviona. Jioni Mzee alikifungua kitambaa kile mwenyewe, akakisuuza taratibu ndani ya ndoo, akaenda kuimwaga ndoo chini ya mgomba, ili kila alichokichuja kipate kuishi. Mimi mtoto wa mtaa wa Bondeni, niliyelelewa kwa pilau ya nyama na mifupa ya supu, nilikuwa nikigeuka ukutani nicheke. Kicheko hicho kilikuja kuniisha chenyewe baadaye.

Kazi yangu hasa ilikuwa kumlisha Ba. Alikula kichri, wali laini uliopondwa na choroko, na alikula kwa sharti moja alilolijua yeye: atazamishwe tangi. Macho yakifuata samaki, mdomo unafunguka. Lakini ilipofika miezi ya baridi mchanga ule ulianza kuchafuka. Ukaota utando wa kahawia, kisha mwekundu, kama chai ya maziwa iliyosahauliwa kikombeni, na mabaki ya majani yakalala juu yake. Nikiukwangua leo, kesho umerudi. Siku moja nilimgeuza Ba kama kawaida, akatazama, akafumba macho, akageuzia uso ukutani. Nilimwita, nikamwimbia, nikampapasa shavu, hakufungua mdomo. Siku ya pili ikawa hivyo. Daktari alikuja akasema maneno ya daktari, kisha akamvuta Mzee kando na kumwambia kwamba mgonjwa wa namna hii akikataa chakula hana muda. Nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa nikikunja shuka nyuma ya mlango. Mzee aliingia, akatazama tangi na si mke wake, akaniambia, akiniita binti kwa lugha yao, "Beti, hii mchanga lazima kuwa safi. Mchanga nakuwa safi, Ba nakula. Basi."

Hansa, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alikuwa amemletea baba yake kitabu cha picha cha viumbe vya kusafisha mchanga wa matangi. Tulikifungua kwenye meza ya kulia chakula, Mzee na mimi, kwa chai yenye tangawizi kavu, kitanda cha Ba kimesogezwa mlangoni ili naye awe kwenye kikao. Sijapata kuona mtu akichagua mfanyakazi kwa ukali vile. Tulianza na konokono wadogo wanaojizika mchangani na kuibuka wakinusa mzoga. Mimi niliwapenda. Mzee alisoma kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hapana. Hii nakula maiti. Sisi tapata wapi maiti ya kumpa?" Tukaja kwa kaa mdogo anayeishi ndani ya kome la kuazima. Huyo anakula takataka zote, kitabu kilisema, ila hupenda kumuua konokono jirani achukue nyumba yake. Mzee alifunika ukurasa kwa kiganja. "Naua jirani, nachukua nyumba! Hapana leta kwa mimi mtu kama hii." Jongoo bahari nilimkataa mimi. Ni kweli humeza mchanga mchafu akautoa safi, asimdhuru mtu, lakini akifa ghafla humwaga sumu na kuua tangi zima. "Tutaamka tukute wote wameelea, Mzee," nilimwambia, "na Ba anatazama."

Ndipo akafungua ukurasa wa yule ambaye vitabu humwita nyota wa bahari. Bibi yangu, mtu wa pwani, alimwita kiti cha pweza. Huyu alikuwa wa rangi ya mchanga wenyewe, mikono mitano, hukaa chini ya mchanga akiuchekecha mchana kutwa. Mzee alirudia neno hilo: anachekecha. Uso wake ukafunguka. "Kama mimi na kitambaa yangu," alisema. Na kabla sijajibu tulisikia kitanda kikilia. Ba alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Tulimpelekea kitabu, akaweka kidole juu ya picha, akakiacha pale, machozi yakimtiririka kuelekea sikioni. Nadhani aliwaona wale wa utotoni mwake, maji yakitoka, watoto wakiwaokota na kuwarudisha. Baada ya hapo nani angeuliza swali tena? Leo naiona kasoro ya mawazo yetu wazi kama mchana. Kwake Mzee, anayechuja anachuja ili asiue. Haikumpitia akilini kwamba yuko anayechuja ili ale.

Vitu vya tangi vilikuja kwa lori. Dereva wake, Mwachiro, alipeleka mizigo kutoka Mombasa kwenda mpakani, na kwa urafiki wa zamani na duka la Mzee alikuwa akituletea maji ya bahari kwenye mitungi ya plastiki. Alilala Mai Mahiu, kituo cha malori kabla ya Nakuru, na kwa kuwa mnyama asingestahimili baridi ya usiku ndani ya lori, tulishuka mimi na Mzee kwa gari kumpokea alasiri ileile. Mwachiro alitutolea mfuko wa nailoni uliovimba hewa, ndani yake kiumbe amejikunja pembeni. "Huyu bwana mpole sana," alisema. "Tangu Mombasa hata hajanisumbua." Mama mwenye kibanda cha chai aliiona mitungi akaja akijifuta mikono. "Hiyo ni maji ya bahari ya ukweli? Nisaidieni na kikombe tu. Miguu yangu inaniua, na pasta alisema hiyo ndiyo dawa." Mzee alimjazia sufuria nzima. Yule mama alimbariki kwa lugha yake na kwa Kiswahili, akamwombea na mke, bila kujua habari za mke. Tulipanda kurudi Nakuru na mfuko ule mapajani mwangu, nimeukumbatia kwa shali ili usipate baridi.

Kiti cha pweza alizama mchangani mbele ya macho yetu, akabaki kivimbe kinachotembea. Kila alipopita palikuwa peupe. Ikafika siku ambayo tangi lote liling'aa, utando umekwisha, na Ba akageuza uso kutoka ukutani peke yake. Nilimletea kichri, akala, akatazama kivimbe kikisafiri, akala tena. Mzee alikaa kwenye kiti cha kukunja akilia bila kujificha. Mwezi wa Ramadhani ukaja, nikawa namlisha nimefunga, na Mzee naye ana mifungo yao, basi chumbani anakula mmoja tu na sisi wawili tunamtazama kwa furaha. Kama kuna wakati wa maisha yangu ninaoweza kuuita wa amani, ni huo. Mama Otis, aliyekuja kufua nguo na siku nyingine akiuza omena, wale dagaa wakavu wa ziwani, mtaa wa Free Area, alikuwa akisimama mlangoni na beseni kiunoni kuangalia. "Haki huyo ananishinda kazi," alisema. "Anafagia na haombi sabuni."

Kitu kilichonipita ni hiki. Ukichungulia mchanga kupitia kioo cha pembeni, hapo mwanzo ungeona vijia vyembamba, na ndani yake vinyoo na vidudu vya ukubwa wa chembe ya sukari vikipanda na kushuka. Ba alipenda kuvitazama. Kufikia Desemba vijia vilikuwa vimebomoka na hakuna kilichotembea. Juu mchanga mweupe pe, chini mabaka meusi, na nikiugusa unatoa harufu ya yai viza. Nilihisi kuna jambo, lakini nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni na masikio yetu yalikuwa redioni. Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake makabila yakageukiana, mambo ambayo sina haja ya kumsimulia Mkenya. Barabara zilifungwa. Malori yalilala Mai Mahiu yamepangana, na Mwachiro yumo humo. Siku moja ya Januari nilikuta kiti cha pweza amelala juu ya mchanga badala ya ndani, ncha ya mkono mmoja imelainika na kumeguka.

Mzee alimpigia Mwachiro simu, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. "Mzee wangu, pole," Mwachiro alisema. "Nimeuliza wale vijana wanaozamia. Huyo hali uchafu. Anakula vile vidudu vya ndani ya mchanga. Vikiisha, mchanga unakufa, na yeye anakufa njaa. Mtafutie kipande cha samaki, umsukumie chini ya tumbo." Mzee alishukuru, akaweka simu chini. Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya bomba, akakishika kile kitambaa cheupe. "Miaka yote mimi nachuja," alisema, bila kunitazama. "Alafu naleta muuaji kwa chumba ya mke yangu, mimi nashangilia, nasema angalia, safi!" Nilimwambia mnyama hana dhambi, ana njaa tu. "Ndiyo. Yeye hana. Mimi iko nayo." Tangu hapo hakuketi tena kwenye kiti cha kukunja. Kumpa samaki ni kuingiza nyama katika nyumba ambamo haijawahi kuingia. Kumnyima ni kumuua kwa mikono yake. Hakuweza hili wala lile, na Ba, alipoona kivimbe hakitembei, alianza tena kuutazama ukuta.

Halafu mji wetu nao ukashika moto. Kutoka barazani Milimani unaiona Nakuru yote mpaka ziwani, na asubuhi ile tulihesabu mioshi mpaka tukaacha. Kulikuwa na ukelele wa mbali, kama wa kiwanja cha mpira, ila hausemi goli. Mlinzi wa nyumba alikuwa amekwenda kutafuta watoto wake. Lango lilipogongwa, Mzee alitangulia mwenyewe na mimi nyuma yake. Alikuwa Mama Otis, mtoto mmoja mgongoni, Otis amemshika mkono, kanga moja na kiatu kimoja. "Wamechoma, Mzee," alisema. "Jirani ndio wamenionyesha kwa kidole. Jirani niliyekuwa namwachia ufunguo." Mzee alifungua lango lote. Akawapa chumba cha nyuma ya jiko, nikawapelekea kichri ya Ba iliyobaki bila kuliwa, na watoto waliifuta sahani kwa vidole. Mama Otis mwenyewe hakula. Alikaa na macho makavu, kila baada ya muda akichungulia dirishani kuelekea langoni. Nilimwuliza anaogopa wamemfuata? Akasema hapana. "Kuna kagunia kangu nimekaacha hapo nje, chini ya maua. Ni omena. Ndiyo kitu nilishika tu nikikimbia, hata sijui kwa nini. Lakini hii nyumba si najua hamtaki samaki. Wacha ikae tu hapo."

Nilipomweleza Mzee, alitoka, nami nikamwona kupitia wavu wa mlango akivuka ua, mzee wa nguo nyeupe, hatua fupifupi. Alifungua lango, jambo ambalo siku ile wanaume wenye nguvu hawakulithubutu, akainama chini ya maua ya bogenvilia. Alirudi ameubeba ule mfuko wa omena kifuani kwa mikono miwili, kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Akaupitisha barazani, akaupitisha sebuleni mbele ya picha za ibada, harufu ikijaa nyumba nzima, akauweka miguuni pa Mama Otis. "Mama, mali yako hapana kaa nje kama mwizi," alisema. "Wewe iko ndani, hii pia iko ndani." Mama Otis aliutazama mfuko, kisha akamtazama yeye, na hapo ndipo alipolia, kilio cha kuvuta kutoka tumboni, watoto nao wakamfuata. Mzee alisubiri mpaka akatulia. Kisha akasema kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani mpya, "Mimi naomba wewe kitu. Iko mgonjwa kwa chumba ya Ba."

Mama Otis aliloweka omena kikombeni, akatuongoza yeye, maana mimi na Mzee tulikuwa kama watoto mbele ya samaki. Mzee alikunja mkono wa kanzu. Alimchukua omena mmoja kwa ncha za vidole, akafumba macho, midomo ikisema kitu ambacho naamini kilikuwa kuomba msamaha kwa yule samaki. Akazamisha mkono majini mpaka begani, akamsukumia kiti cha pweza chini ya tumbo. Tulikaa. Nje mabomu ya machozi yalikuwa yakilia upande wa mjini. Polepole ile mikono mitano ikakunjika, ikamzunguka omena, na mwili ukaanza kuzama, kwanza katikati, halafu ncha moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki kivimbe. Kivimbe kikasogea. Nilisikia pumzi nyuma yangu, nikageuka. Ba alikuwa ametoa uso ukutani. Alitazama tangi, akamtazama mumewe aliyelowa mpaka kifuani, kisha akamwelekezea Mama Otis mkono wa kushoto na kufungua mdomo. Mama Otis ndiye aliyemlisha jioni ile. Sahani ilikwisha.

Walikaa nasi mpaka pakapatikana basi lenye ulinzi la kuelekea Kisumu. Siku ya kuondoka, Mama Otis alijaza omena kwenye mkebe wa majani chai, akamkabidhi Mzee kwa ajili ya mgonjwa wa majini. Mzee aliupokea kwa mikono miwili. "Mimi tarudisha," alisema. "Wewe tarudi Nakuru, tapata mkebe yako, imejaa." Mama Otis alicheka, mara ya kwanza tangu aje. "Utanirudishia omena, Mzee? Wewe, kwa soko, ukinunua omena?" Alipanda basi akicheka huku akijipangusa macho. Ba alifariki mvua ndefu zilipoanza, ameshiba, uso umeelekea tangi. Baada ya arobaini yangu ya huzuni nilitafuta kazi nyingine, na Mwachiro akamrudisha kiti cha pweza baharini ndani ya mtungi uleule wa plastiki. Mama Otis hakurudi Nakuru. Nilimwelewa. Mtu aliyeonyeshwa kwa kidole na jirani yake ataurudia vipi mtaa?

Maombi yalipokwisha Hansa alituita jikoni kunywa chai. Kitambaa cheupe bado kilikuwa kimefungwa bombani. Tulipokuwa tumesimama pale na vikombe, alifungua kabati la chini akautoa mkebe wa majani chai, akaushika mbali na nguo zake. "Nisaidieni hii," alisema. "Ni samaki, hebu fikirini, kwa jiko ya Baba! Kila mwaka nikija nazikuta. Alikuwa anaenda soko mwenyewe, zikizeeka anapea paka ya jirani, ananunua zingine. Nikimwambia Baba, tupa, anakataa kabisa. Anasema iko na mwenyewe, atakuja." Alikuwa anauelekeza mkebe kwenye pipa la taka. Mama Otis aliweka kikombe chini. Alimpokonya ule mkebe kwa upole, akaufungua kifuniko. Omena zilijaa mpaka juu, mpya, zinang'aa. Alizitazama, akafunika, akaukumbatia mkebe kifuani.

"Mwenyewe nimekuja," akasema.